"Niandike ngapi?": mwongozo wa kuchagua haki kabla dhambi haijafika kaunta

Ilikuwa saa nne asubuhi, duka la vifaa vya ujenzi. Nimeshalipia mifuko 40 ya saruji, vijana wanapakia kwenye kirikuu. Muuzaji, kijana mpole asiye na makuu, ameshika kalamu juu ya kitabu cha risiti za mkono. Akaniuliza kwa sauti ileile ambayo mama ntilie hukuulizia kama soda unataka ya baridi au ya moto: "Bosi, niandike ngapi?"

Kama umewahi kutumwa kununua kitu kwa hela isiyo yako, unalijua swali hilo. Nilimwambia aongeze elfu moja kwa kila mfuko kwenye risiti, tofauti ibaki mfukoni mwangu. Elfu arobaini, chini ya dakika moja, na hakuna aliyepandisha sauti. Jumapili iliyofuata nilisimama kwenye kwaya, sauti ya tatu, nikaimba vizuri tu.

Kwa muda mrefu niliomba nipewe nguvu ya kushinda pale kaunta. Nilikuwa naomba nikiwa nimechelewa. Kufikia mtu anashika kalamu, jibu langu lilikuwa limeshaiva tangu wiki mbili nyuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hizo wiki mbili, na sehemu nyingine inahusu kazi ngumu ya kurudi baada ya kuanguka. Dakika yenyewe ya jaribu nitaigusa kidogo, kwa sababu ukifanya mengine, hiyo inapungua ukali.

Neno moja kabla ya kuanza, maana najua kuna msomaji atauliza neema iko wapi. Iko chini ya yote haya. Hatuachi dhambi ili Mungu atupende. Waefeso 2 imeshamaliza mjadala huo, na mstari wa 10 unaongeza kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Wafilipi 2:13 inasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Ila mstari uliotangulia unatuagiza tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka. Anayeshika mstari mmoja na kuuacha mwingine, kwa kawaida ana jambo analolikwepa.

Hatua ya kwanza: iite dhambi kwa jina lake

Kiswahili chetu kina utajiri wa kutisha wa majina ya kuficha. Rushwa ni chai, ni kitu kidogo, ni ya soda, ni ya maji. Wizi wa kwenye bei ni cha juu. Zinaa ni mchepuko, neno ambalo unapolisikia unawaza barabara iliyofungwa kwa matengenezo. Uongo ni kamba, tena tunasema "nimempiga kamba" huku tunacheka. Kuiba kazini kumepewa hadi methali: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Na asiyetaka kutoa huduma bila kupewa kitu atakukumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi.

Wakristo tuna ya kwetu pia, na ni mbaya zaidi kwa sababu yamevaa kanzu. "Tumwombee dada yetu fulani, nimesikia ndoa yake haiko sawa..." Hapo maombi hayajaanza, umbea umeshamaliza. "Nimeongea kwa upendo" maana yake nimemtukana bila kutumia tusi. "Moyo wangu hauna amani na lile jambo," kumbe sitaki kulipa deni.

Zoezi ni hili. Chukua jambo unalolifanya ambalo lina jina laini, kisha liseme kwa sentensi yenye mtendaji, kitendo na mwenye kudhulumiwa. Mimi nilipaswa kusema: "Nimemwibia mwajiri wangu shilingi elfu arobaini kwa kumwonyesha karatasi ya uongo." Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari na nilishindwa kuitazama. "Cha juu" niliweza kuitamka hata mbele ya mtoto. Na sheria nayo haina utani na jambo hili: kati ya makosa yaliyomo katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 ni kutumia nyaraka kumpotosha mwajiri. Serikali imelipa jina. Sisi tunaoimba kwaya tulikuwa bado tunatafuta.

Usiipite hatua hii kwa haraka. Mtu hawezi kutubu mchepuko. Anaweza kutubu uzinzi.

Hatua ya pili: fuata nyayo kurudi nyuma

Soma 2 Samweli 11 polepole, ukiwa na kalamu, na upigie mstari vitenzi. Ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, lakini Daudi anabaki Yerusalemu. Anaondoka kitandani wakati wa jioni. Anatembea juu ya dari. Anaona. Anapeleka mtu kuuliza. Anaambiwa wazi kwamba huyo ni mke wa Uria. Anatuma wajumbe wamlete. Hesabu mara ngapi angeweza kugeuka. Tunapohubiri habari hii tunaanzia kuoga kwa Bathsheba, na mwanamke wa watu anabebeshwa lawama, wakati mwandishi wa Biblia ameanzia kwa mfalme aliyebaki nyumbani wakati jeshi lake liko kazini.

Yakobo 1:14-15 inaeleza njia hiyohiyo kwa lugha ya uzazi: tamaa huchukua mimba, ikazaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Mimba ina miezi. Kuna wakati inakuwepo na haionekani.

Basi chukua anguko lako la mwisho, liandike chini kabisa ya ukurasa, kisha panda juu ukijiuliza: kabla ya hapo kulikuwa na nini? Andika angalau hatua tano. Yangu ilisomeka hivi, kuanzia chini. Niliongeza bei. Kabla ya hapo, njiani kuelekea dukani, nilikuwa nimeshazipigia hesabu elfu arobaini. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwahidi shemeji mchango wa sendofu ambao sikuwa nao. Kabla ya hapo nilikuwa nimeona aibu kusema "sina" kwenye kikao cha familia. Na juu kabisa: mwajiri alikuwa amechelewesha mshahara, na kwa siku tisa nilikuwa nikijiambia moyoni kwamba ananidai mimi uaminifu wakati yeye mwenyewe hana.

Angalia kilichoko juu. Siyo tamaa ya hela. Ni kinyongo, na aibu ya kuonekana sina kitu. Ningeendelea kuomba dhidi ya tamaa ya hela hadi leo, na ningekuwa naomba dhidi ya mtu asiyekuwepo.

Ukifanya zoezi hili mara tatu kwa maanguko matatu tofauti, utaona mlango mmoja unaojirudia. Kwa wengi ni mwili kuchoka na njaa. Bwana Yesu mwenyewe mjaribu alimjia baada ya siku 40 za kufunga, akaanza na mkate. Kwa wengine ni upweke wa safari, au sifa: umetoka kuhubiri, watu wamelia, umefika nyumba ya wageni saa tano usiku na simu mkononi.

Hatua ya tatu: amua ukiwa umeshiba na umetulia

Danieli 1:8 inasema aliazimu moyoni mwake kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Kuazimu kulitangulia. Na baada ya hapo hakugonga meza wala kuwahubiria watu wa Babeli. Alimwendea msimamizi kwa adabu na pendekezo: tujaribu siku kumi, mtupe mtama na maji, kisha mtazame nyuso zetu. Alikuwa ameshafikiria mkuu wa matowashi ataogopa nini, akaja na njia ya kumlinda.

Kwa hiyo uamuzi uwe na sehemu mbili. Ya kwanza ni azimio lenyewe, liwe finyu kiasi cha kupimika. "Nitakuwa mwaminifu" haipimiki. "Risiti yoyote nitakayoipeleka ofisini itakuwa na kiasi nilicholipa" inapimika.

Ya pili ni maneno ya kutamka. Hili watu hulidharau, nami nalisisitiza: jaribu linapokuja, kinywa ndicho kinachokwama kwanza. Tafuta sentensi fupi, isiyo na mahubiri, isiyomwaibisha mwenzio, uirudie ukiwa peke yako hadi izoeleke. Zangu chache:

Dukani: "Andika niliyolipa, kaka. Na kama mashine ya EFD iko, nitoe ya mashine." (EFD ni mashine ya risiti za kodi. Risiti ya mashine inaua mjadala.)

Ofisini mtu anapotaka chochote ili faili lisogee: "Naomba unielekeze ada halali ni kiasi gani nilipie benki." Iseme kwa upole, kisha nyamaza. Ukimya ndio unaofanya kazi. Utachelewa, nakuambia ukweli. Mara moja nilirudi ofisi moja mara nne kwa karatasi ambayo wenzangu waliipata siku hiyohiyo.

Kwa mtu anayeanza kukuzoea vibaya: "Shemeji, hayo maneno siyawezi. Msalimie mumeo."

Kwenye umbea: "Hebu tumpigie mwenyewe tumsikie." Hii inafukuza umbea kama moshi unavyofukuza nyuki. Utabaki bila wageni kwa siku kadhaa.

Hatua ya nne: ijue ya kukimbia na ya kusimama

Maandiko hayatoi amri moja kwa dhambi zote. Kuhusu zinaa, Paulo anasema ikimbieni (1 Wakorintho 6:18). Kuhusu Shetani, Yakobo anasema mpingeni naye atawakimbia (4:7). Makosa yetu mengi yanatokana na kubadilisha amri hizi mbili. Kijana anabaki chumbani na binti wa watu saa nne usiku "wakiomba," akisema anampinga Shetani. Hapo ilikuwa pa kukimbia. Mzee wa kanisa anaona mahesabu ya ujenzi hayakai sawa, ananyamaza na kutoka kwenye kikao mapema "ili asijitie dhambini." Hapo ilikuwa pa kusimama. Yakobo 4:17 haimwachi: ajuaye kutenda mema wala hayatendi, kwake huyo ni dhambi.

Kanuni ninayotumia: kama hatari iko ndani ya mwili wangu, nakimbia. Kama hatari ni kwamba mtu mwingine ataumizwa nikinyamaza, nasimama.

Kukimbia kuna gharama, na Yusufu aliilipa. Mwanzo 39 inaonyesha mke wa Potifa alimsemesha siku baada ya siku, naye alikataa hata kukaa naye. Siku ya mwisho aliacha vazi mkononi mwake, na vazi hilohilo likawa ushahidi wa uongo uliompeleka gerezani. Usimwahidi mtu kwamba akikimbia dhambi mambo yatamnyookea wiki hiyohiyo.

Vazi la kuacha kwa wakati wetu mara nyingi ni simu. Chaji iwe sebuleni, simu ilale huko, ununue saa ya kukuamsha. Futa programu ya kubeti, na kama hela ya kwenye simu ndiyo inayokuponza, punguza kiasi unachokaa nacho humo. Kingine kikae mahali ambapo ili ukitoe lazima upange foleni. Foleni imeokoa watu. Meseji ambayo ungeifuta kabla mwenzi wako hajashika simu, hiyo ndiyo ya kutoituma.

Hatua ya tano, fupi: pale usipojua lipi ni sahihi

Kuna mambo ya kijivu. Umemaliza kumhudumia mtu, amekushukuru, kesho yake analeta kuku. Ni zawadi au ni rushwa iliyokawia? Jiulize kama ungemhudumia vilevile aliyetangulia ambaye hakuwa na kuku, na kama ungempokea kuku huyo mbele ya msimamizi wako. Kama jibu la lolote ni hapana, kuku arudi. Taratibu za kazi yako kuhusu zawadi zisome, usizikisie. Ukibaki na shaka, Warumi 14:23 inasema tendo lisilotoka katika imani ni dhambi. Shaka inatosha kuwa sababu ya kuacha. Ila usiigeuze shaka yako kuwa sheria ya jirani. Sura ile yote ya 14 imeandikwa kuzuia hilo.

Hatua ya sita: mtu mmoja anayejua

Miaka ya 1930, uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na kitu kimoja kilichowatambulisha ndugu wale kilikuwa "kutembea nuruni": kuungamiana dhambi waziwazi kwenye ushirika na kurudisha vilivyoibwa. Wazee wengi wa makanisa yetu walilelewa na watu wale. Neno "ndugu" na swali "unaendeleaje na Bwana?" vilikuwa na uzito, lilikuwa swali linalosubiri jibu.

Nawaheshimu sana. Lakini nimeshuhudia pia ushuhuda wa madhabahuni ambapo kaka anaungama uzinzi wake na kutaja mtaa, na kufikia jioni kila mtu anamjua dada aliyehusika, ambaye hakuulizwa. Dhambi yako ni yako kuiungama. Ya mwenzio si yako kuitangaza. Upana wa maungamo ulingane na upana wa dhambi: uliyemkosea, na aliyebeba mzigo pamoja nawe katika maombi. Kwa ndugu Wakatoliki, kitubio kimeshaweka mlango huu na siri yake. Utumieni, msiungojee Pasaka tu.

Mtu wa kumchagua awe wa jinsia yako, asiwe chini yako kazini wala mtu unayemlipa, awe ameshatunza siri ya mwingine (utajua kwa sababu hujawahi kusikia kwake habari za watu), na awe anaweza kukukasirikia. Anayekuambia "usijali, sote ni binadamu" kila mara, mpende lakini mtafute mwingine. Mpe ruhusa ya kukuuliza swali moja mahususi kila wiki. Wangu alikuwa fundi seremala. Swali lake lilikuwa: "Umeandika ngapi wiki hii?" Aliniuliza hata siku ya msiba wa baba yake.

2 Timotheo 2:22 ina neno ambalo tunaliruka: zikimbie tamaa za ujanani, ukafuate haki, imani, upendo na amani "pamoja na" wale wamwitao Bwana kwa moyo safi. Anayekimbia peke yake huchoka mapema.

Hatua ya saba: ukianguka

Utaanguka. Nasema hivi bila kukupa kibali. Saa inayofuata anguko ni ya hatari kuliko anguko, kwa kuwa ndipo methali nyingine hujitokeza: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Yaani umeshaharibu, maliza. Mlevi aliyekuwa amekaa miezi minne bila pombe hunywa glasi moja kwa bahati mbaya na kreti kwa uamuzi. Vaa nguo zako, utoke kwenye maji.

Ungama siku hiyohiyo, usingoje Jumapili. 1 Yohana 1:9 haina masharti ya siku. Petro na Yuda walimkosea Bwana usiku mmoja, na wote wawili walijuta. Yuda hata hela alirudisha. Yuda alikwenda na majuto yake kwa makuhani, wakamwambia hayo yatupasa nini sisi, akaishia peke yake. Petro alilia, lakini alikuwepo kati ya wenzake Bwana alipofufuka.

Kisha kuna kurudisha, na hapa makanisa yetu tumekuwa legelege. Zakayo alisema atarudisha mara nne ya alichodhulumu. Torati, Hesabu 5:6-7, inamtaka mkosaji aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano. Nilipokaa na daftari langu nikajumlisha nilichokumbuka kwa mwaka mzima, ilifika 340,000. Sehemu ya tano ni 68,000. Jumla 408,000, na mimi sina hata robo yake.

Mambo ya kuzingatia hapa: andika kiasi kabla ya kwenda, usikadirie mbele ya mtu. Kama jambo lako ni kubwa au liko karibu na polisi, ongea na mwanasheria na mchungaji kwanza. Hiyo haikuondolei wajibu wa kurudisha, inakusaidia kurudisha kwa utaratibu. Kama ni dhambi ya ndoa, usiende kujitua mzigo kwa mwenzi wako saa sita usiku watoto wamelala; tafuta mtu wa kukaa nanyi. Na usitaje wenzako.

Hilo la mwisho ndilo lililonijaribu. Nilimwendea mwajiri jioni, wenzangu wameondoka. Nikamwambia sentensi ile ya kwenye daftari. Alikaa kimya, akaiangalia karatasi yangu ya hesabu, akavua miwani.

"Ni wewe tu?"

"Nimekuja na yangu, mzee."

Akaniuliza nitalipaje. Nikasema 102,000 kila mwezi kwa miezi minne, ukate kwenye mshahara. Hakunisifu. Alisema manunuzi yote kuanzia Jumatatu yatafanywa na mtu mwingine, nikasema sawa, na kwa mwaka mzima nilibaki kuhesabu nondo ghalani huku kijana mdogo kwangu akienda dukani. Uaminifu ukivunjwa, msamaha unaweza kuja siku moja na kuaminiwa kukachukua mwaka. Usimdai uliyemkosea akupe vyote viwili pamoja.

Na kama uliyemdhulumu amefariki au hajulikani aliko? Hesabu 5:8 imelifikiria hilo: arudishiwe ndugu yake wa karibu, na kama hana, kitu kile kiwe cha Bwana, apewe kuhani. Ulizia watoto wake. Ukiwakosa kabisa, peleka kiasi hicho kanisani au kwa wahitaji bila jina lako kutangazwa, na usikihesabu kwenye zaka yako.